Pushapu zilibaki, miguu ikapotea: siku 42 melini na kilomita 12 za mchanga wa Lamu

Askari ishirini na wanane wanapanda meli ya doria katikati ya Februari, kaskazi ikiwa bado imekaza. Wanashuka mwisho wa Machi, siku ya 42, kwenye ufuo wa bara upande wa Manda Bay, na asubuhi hiyo hiyo wanapewa mwendo wa kilomita 12 na shanta la kilo 22. Sita hawafiki. Mmoja ameanguka kwa joto. Watatu nyayo zimechubuka hadi hawawezi kukanyaga. Wawili wameshika muundi wa mguu na kila hatua inawachoma. Siku mbili kabla ya hapo, kwenye sitaha, kikosi hicho hicho kilipimwa pushapu, na wastani ulikuwa umepanda kutoka 48 hadi 51.

Kisa hiki tumekipanga kwa ajili ya uchambuzi. Hakuna meli halisi nyuma yake, na hesabu za kikosi ni za mfano, zilizowekwa kufuatana na yanayojulikana kuhusu mwili wa mtu anapokaa ndani ya chombo kwa wiki nyingi. Mahali tulipochagua pana sababu yake. Jeshi la Wanamaji la Kenya lina kambi Manda Bay, na maji ya kutoka hapo kwenda Kiwayu, Kiunga na mpaka wa Somalia yanahitaji doria mwaka mzima. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2012 wanajeshi wa Kenya walitelemka kutoka baharini karibu na Kismayo. Askari anayetoka melini na kukanyaga mchanga huenda akatakiwa kufanya kazi nzito saa ile ile. Kwa hiyo swali la miguu yake si dogo.

Maisha ya siku arobaini

Meli yetu ina urefu wa mita 60. Sitaha ya tezi, yaani ya nyuma, ina nafasi wazi ya mita 18 kwa 8, lakini boti mbili za mpira zinachukua karibu nusu yake. Ndani, kiyoyozi kinashikilia nyuzi 21 usiku na mchana, kwa kuwa mitambo inahitaji ubaridi hata kama watu hawauhitaji. Kuna mashine mbili za kupiga makasia, baiskeli moja ya mazoezi, na mashine moja ya kukimbilia ambayo imefungwa kamba tangu wiki ya kwanza baada ya mtu kurushwa na mrama.

Askari hawa 28 si mabaharia wa meli. Kazi yao ni kupanda majahazi na vyombo vingine kuvikagua, na kuwa tayari kushuka pwani. Hapa ndipo panaposahaulika tofauti kubwa. Baharia wa meli hupanda ngazi mara hamsini kwa siku, huvuta kamba, hushuka kwenye mitambo yenye joto, hubeba masanduku. Askari abiria husubiri. Kutoka kitandani hadi mesi ni mita 25, kutoka mesi hadi sitahani mita 30. Ukijumlisha safari zake zote za siku, chooni, mesini, kwenye zamu, hazifiki kilomita 2. Huyo huyo akiwa kambini alikuwa akitembea kilomita 8 au zaidi bila kuhesabu mazoezi. Kwa hiyo wanaopungua haraka zaidi melini ni wale wale watakaotumwa kupigana nchi kavu.

Mavazi ya miguuni: ndara ndani, raba juu. Buti zilivaliwa siku za ukaguzi wa vyombo tu, mara saba kwa safari nzima, kila mara saa mbili au tatu.

Chakula kilikuwa kizuri, na hilo ni sehemu ya tatizo. Mahamri asubuhi, chapati mchana, wali jioni, na chai kila zamu inapobadilika. Tuichukue chai peke yake. Vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vidogo vitatu vya sukari, ni gramu 60, yaani kalori 240. Kwa siku 40 ni kalori 9,600. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kalori 7,700 hivi. Kikombe cha chai kikiwa juu ya mahitaji ya mtu asiyetembea, kilo moja na robo imepatikana bila tonge moja la ziada. Hatusemi chai iondolewe, kwani chombo kisicho na chai hakikaliki. Vijiko viwili vishuke, kibaki kimoja.

Mazoezi yalikuwepo, tena kila siku: pushapu, sitapu, kuning'inia kwenye bomba, dakika 25 saa kumi na moja jioni. Kiongozi wa mazoezi aliyachagua kwa sababu zinazoeleweka. Hayahitaji kifaa, yanafanyika hata chombo kikienda mrama, na yanahesabika. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba kinachohesabika kwa urahisi ndicho kinachopotea.

Kinachoondoka, na kwa mwendo gani

Mwili hauachi kila kitu kwa wakati mmoja.

Cha kwanza kuondoka ni maji ya damu. Mtu aliyezoea mazoezi ya pumzi ana plazima nyingi kuliko mwenzake asiyefanya mazoezi. Akiacha, plazima hiyo hupungua kwa asilimia 5 hadi 12 ndani ya wiki mbili hadi nne, na dalili huanza kuonekana siku za mwanzo kabisa. Moyo hujaa kidogo zaidi kwa kila pigo, hivyo hulazimika kupiga haraka kwa kazi ile ile. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia hushuka pamoja nayo, asilimia 4 hadi 14 kwa wiki nne za kuacha, na aliyekuwa imara zaidi ndiye huwa na kingi cha kupoteza. Kwa askari wetu aliyekuwa akikimbia kilomita 2.4 kwa dakika 10 na sekunde 40, hasara ya katikati ya kiwango hicho inampeleka kwenye dakika 11 na sekunde 40. Melini hakuna mahali pa kukimbia kilomita 2.4, basi hakuna aliyejua.

Nguvu za misuli hukaa. Mtu akiacha kabisa kunyanyua vitu, kwa wiki tatu au nne za kwanza tofauti ni ndogo, na kipindi kimoja kizito kwa wiki kinatosha kuzishikilia kwa miezi. Ndiyo sababu pushapu zilipanda. Zilikuwa zikifanywa kila siku, na hata zisingefanywa zisingeshuka sana. Kipimo hicho kilikuwa kikitazama mlango usioingiliwa na mwizi.

Uzoefu wa joto huondoka haraka kuliko wengi wanavyodhani. Mtu wa Pwani husema joto amezaliwa nalo, lakini mwili hauna kumbukumbu ya namna hiyo. Kuzoea joto, maana yake jasho kuanza mapema, kuwa jingi na kupoteza chumvi kidogo, hujengwa kwa siku 7 hadi 14 za kufanya kazi ndani ya joto, na hubomoka kwa kiasi cha asilimia 2 na nusu kwa kila siku isiyo na joto hilo. Wiki nne za nyuzi 21 zinakula sehemu kubwa yake. Mzaliwa wa Faza akikaa siku 42 chini ya kiyoyozi anashuka ufuoni akiwa karibu mgeni.

Ngozi ya unyayo hujisasisha kila wiki nne hadi sita. Sugu aliyoijenga askari kambini kwa buti na jasho ilikuwa imeshapukutika ndani ya ndara kabla ya siku ya 42.

Mfupa una hesabu yake ya ajabu kidogo, na ndiyo inayoumiza watu baada ya safari. Mzigo ukiongezeka ghafla, mwili huanza kwa kuondoa mfupa wa zamani katika sehemu zinazosumbuliwa, halafu ndipo hujaza mpya. Kuondoa ni kazi ya wiki mbili tatu, kujaza ni ya miezi. Hivyo mfupa huwa dhaifu zaidi wiki ya tatu au ya nne baada ya kurudi kwenye mwendo mzito. Maumivu ya siku ya kwanza kwenye muundi mara nyingi ni ya misuli na utando unaofunika mfupa. Ufa huja baadaye, kwa yule aliyeambiwa avumilie.

Mwisho ni usawa. Kwa wiki sita vifundo na magoti yamejifunza kutegemea sakafu inayopanda na kushuka. Ukitelemka, nchi inakuyumbisha wewe. Kwa wengi huisha kwa saa chache, kwa wengine siku mbili. Mtu huyo ukimpa kilo 22 mgongoni na jiwe la matumbawe chini ya buti, kifundo kinateguka mahali ambapo mtoto wa kijijini anapita akikimbia.

Asubuhi ya mwendo

Lilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Maji ya bamvua katika pwani yetu hujaa karibu na alfajiri na kupwa kabisa kuelekea saa tano asubuhi. Kwa boti za kushushia watu, kujaa ni kuzuri: unafika juu ya ufuo bila kukwama kwenye matope ya mikoko. Kwa anayetembea ni kinyume. Mchanga mgumu wenye unyevu, ule ambao vijana wa Shela huuchezea mpira, ulikuwa chini ya maji, na kikosi kikapita juu kwenye mchanga mkavu unaozama.

Kutembea kwenye mchanga wa namna hiyo humgharimu mtu nguvu mara mbili hadi mbili na nusu ya njia ngumu. Kilomita nne kati ya 12 zilikuwa za mchanga mkavu. Tukihesabu mara mbili tu, mwendo wa kilomita 12 ulikuwa na uzito wa kilomita 16. Muda uliopangwa, saa mbili na robo, ulikuwa umenakiliwa kutoka kwenye barabara ya kambi. Ili kuufikia, askari walilazimika kukimbia vipande vya njia ngumu wakiwa na mzigo wa asilimia 30 ya miili yao. Vipande hivyo ndivyo vilivyowatoa wale wawili wa muundi.

Malengelenge yalianza kilomita ya tatu. Maji ya boti yaliingia kwenye buti wakati wa kushuka, soksi zikalowa, mchanga ukaingia, na hakuna aliyesimama kubadilisha. Ngozi laini, soksi mbichi na mchanga ni msasa. Soksi kavu mbili zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki na dakika nne za kusimama juu ya ufuo zingewaokoa wawili kati ya watatu. Wa tatu alikuwa na buti mpya, alizopewa melini wiki ya tano. Kwake yeye hata soksi kavu zisingetosha.

Aliyeanguka kwa joto alikuwa miongoni mwa wenye nguvu kikosini, kiongozi wa sehemu. Hili si jambo la kushangaza. Mtu dhaifu hupunguza mwendo, mwili wake ukamkinga. Mwenye ari husukuma hadi mwili unaposhindwa kutoa joto. Alikuwa na zamu ya usiku wa manane, alilala saa nne kwa vipande viwili, akanywa vikombe viwili vya chai na maji kidogo. Kilomita ya tisa, saa tatu na nusu, alianza kujibu maneno yasiyoulizwa. Wenzake walimcheka kidogo, kisha akaenda upande na kuanguka.

Kuchanganyikiwa kwa mtu anayefanya kazi kwenye joto ni dalili ya kutosha. Hausubiri kipimo. Joto la ndani likivuka nyuzi 40 na akili imeyumba, hicho ni kiharusi cha joto, na kila dakika inaunguza viungo vya ndani. Kanuni ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Kikosi chetu kilifanya kinyume: kilimfunga kwenye machela akiwa na buti na kombati, kikangoja boti dakika 35. Bahari ilikuwa mita 40 kutoka hapo.

Lililotakiwa ni hili. Vua shanta, shati na buti. Mpeleke majini hadi kifuani, watu wawili wakimshikilia, mmoja kazi yake ikiwa kichwa tu kisizame. Maji ya Lamu mwezi wa Machi ni ya vuguvugu, kama nyuzi 29, lakini mwili wa nyuzi 41 bado unapoteza joto humo, hasa yakisukumwasukumwa. Mtikise taratibu, mmwagie kichwani. Kama meli iko karibu, barafu ya jikoni ije kwenye chombo cha kutunza baridi, ifungwe kwenye shuka zilizolowa, ipitishwe kifuani, kwapani na kwenye mapaja, na ibadilishwe kila inapopata moto. Lengo ni kushuka chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa. Kipimo cha paji la uso hudanganya kabisa kwa mtu aliyelowa, hivyo tabibu apime njia ya haja kubwa. Maji ya kunywa asipewe mtu asiyejitambua.

Wale waliosafiri wiki sita wakatembea

Kuna safari moja ambayo kila anayeandika juu ya jambo hili huirudia, na inastahili. Mwaka 1982, katika vita na Argentina, Uingereza ilipakia askari kwenye meli ya abiria Canberra, iliyoondoka Southampton tarehe 9 Aprili. Walishuka San Carlos, Visiwa vya Falkland, tarehe 21 Mei, siku 42 baadaye. Siku nne baada ya hapo meli Atlantic Conveyor ilipigwa, ikazama na helikopta kubwa tatu za Chinook ambazo zingewabeba. Baadhi yao wakatembea karibu kilomita 90 hadi karibu na Stanley, mji mkuu wa visiwa hivyo, kwenye tope na baridi, na mizigo ya kilo 36 na kuzidi.

Waliweza kwa sababu ya walichokifanya melini. Canberra ilikuwa na njia ya kuzunguka sitaha, karibu mita 400 kwa mzunguko, na vikosi viliikimbia kwa zamu kila siku, wengi wakiwa na buti na mizigo. Nyayo, magoti na mabega havikuruhusiwa kusahau. Hata hivyo miguu ndiyo iliyowasumbua zaidi, kwa maji: buti zilizolowa siku baada ya siku ziliwapa wengi maradhi ya miguu ya mahandaki. Melini walijiandaa kwa mwendo. Kwa unyevu usioisha hakuna sitaha inayomwandaa mtu.

Meli ya mita 60 haina mita 400 za kukimbilia. Ni lazima kazi ile ile ipatikane kwa njia nyingine.

Ratiba ambayo ingewatosha

Pumzi hushikiliwa kwa ukali, si kwa wingi. Mtu aliyekuwa akifanya mazoezi siku sita anaweza kushuka hadi siku mbili kwa wiki na kubaki alipokuwa kwa zaidi ya miezi mitatu, ilimradi zile siku mbili ziwe ngumu kama zamani. Akizifanya laini, anashuka. Kipindi kinachofaa kwenye mashine ya makasia ni dakika 10 za kupasha mwili, kisha dakika 4 za nguvu mara nne, moyo ukifika asilimia 90 hivi ya upeo wake, na dakika 3 za taratibu kati yake. Pamoja na kumalizia, ni dakika 40.

Je, mashine mbili zinatosha watu 28? Watu 28 mara vipindi viwili ni vipindi 56. Mara dakika 40 ni dakika 2,240 kwa wiki. Gawa kwa mashine mbili, kisha kwa siku saba: dakika 160 kwa kila mashine kwa siku. Saa mbili na dakika 40. Zinatosha na kubaki. Katika kisa chetu mashine zilikuwa zinagombaniwa saa kumi na moja jioni na kulala bure saa 22 nyingine. Karatasi ya majina ubaoni, yenye saa za kila mtu kulingana na zamu yake, ingemaliza ugomvi. Sharti moja: asipangiwe kipindi kigumu mtu anayetoka zamu ya usiku wa manane kabla hajalala.

Mashine hizo ziwekwe katikati ya meli, chini, zikielekea omo (mbele) na tezi. Hapo ndipo mrama unapohisiwa kidogo zaidi. Ya kukimbilia iachwe imefungwa isipokuwa bahari ni shwari. Chuma cha kunyanyua kwa miguu kina hatari isiyoonekana: meli ikilala nyuzi 10 upande, chuma cha kilo 60 kinamsukuma mtu pembeni kwa nguvu ya zaidi ya kilo 10, kisha upande wa pili. Zaidi ya nyuzi hizo, kazi ya uzito ifanyike mtu akiwa amekaa, amelala au anavuta kamba iliyofungwa. Kwenye kusi, Mei hadi Agosti, siku za namna hiyo ni nyingi kuliko zilizobaki, na ratiba iandikwe ikilijua hilo tangu gatini.

Shanta halina mbadala ila shanta. Kupanda na kushuka sanduku la sentimita 30, hatua 15 kwa dakika, kwa dakika 20, ni kupanda mita 90. Wiki ya kwanza na ya pili kilo 15 na dakika 20. Ya tatu na ya nne kilo 20 na dakika 30. Ya tano kilo 22 na dakika 40. Mara mbili kwa wiki, ndani ya buti, na mguu unaoanza ubadilishwe kila dakika tano. Ngazi za meli zinavutia, lakini ni njia za dharura na zisizibwe na foleni ya watu wenye mizigo. Anayeshuka ngazi nyembamba na shanta wakati wa mrama huvunja mkono.

Mfupa unahitaji kushtuliwa kidogo na mara nyingi. Kuruka mara 10, pumzika dakika moja, rudia hadi 40, siku tatu kwa wiki, juu ya mkeka wa mpira, bahari ikiwa imetulia. Kuongeza hadi mia tatu hakuongezi faida inayolingana. Mbio fupi za kwenda na kurudi sitahani zina nafasi yake, ila kona nyingi huchosha ugoko, na upande wa kugeukia ubadilishwe kila raundi.

Buti zivaliwe saa mbili kila siku, toka siku ya kwanza, hata kwa kukaa zamu. Hakuna buti mpya baada ya wiki ya pili.

Joto liachwe hadi siku 12 za mwisho, kwa kuwa likijengwa mapema litabomoka kabla ya kushuka. Anza dakika 30 za kupanda sanduku sitahani saa tisa alasiri, ongeza hadi 60 au 90, kwa mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza sentensi fupi. Mtu apimwe uzito kabla na baada, bila nguo zilizolowa. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Mwenye kilo 72 asipoteze zaidi ya kilo 1.4, na asinywe zaidi ya lita moja na nusu kwa saa, kwa sababu maji yaliyozidi hushusha chumvi ya damu na huua nayo. Maji ya meli yaliyochujwa kutoka baharini hayana chumvi ya maana, hivyo chumvi itoke kwenye chakula.

Safari ikiangukia Ramadhani, kipindi kigumu kihamie saa moja na nusu baada ya futari, na kile cha joto kifupishwe hadi dakika 30, kiishie adhana ya magharibi ili maji yapatikane hapo hapo. Mwendo wa mchana na shanta uondolewe kabisa kwenye ratiba. Kiongozi anayelazimisha hapo anatafuta maiti.

Siku kumi za kwanza nchi kavu

Kikosi kisicho na haraka ya vita hakina sababu ya kupimwa siku ya kwanza. Siku hiyo ni kilomita 5 bila mzigo, njia tambarare, na jioni kila mguu uangaliwe na tabibu. Siku ya tatu kilomita 5 na kilo 10. Siku ya tano kilomita 8 na kilo 15. Siku ya nane kilomita 10 na kilo 20. Kipimo, siku ya kumi na moja. Plazima inarudi ndani ya wiki moja hivi ya kazi, na hapo ndipo mtu hujiona amepona na kuongeza kilomita. Wiki ya tatu na ya nne azuiwe, kwa ile sababu ya mfupa. Anayeumwa sehemu moja ya muundi, unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole kimoja, asitembee na mzigo hadi apigwe picha. Picha ya kawaida huweza kutoonyesha kitu wiki mbili tatu za mwanzo, hivyo isitumike kumrudisha njiani.

Kama kushuka ni kwa kazi, basi mzigo ndio upungue. Ni afadhali askari 28 wenye kilo 15 kuliko 22 wenye kilo 22 na sita wa kubebwa, maana kila anayebebwa anachukua wanne.

Limebaki la kujua mapema. Panda sanduku la sentimita 30 kwa dakika 3, hatua kamili 24 kwa dakika, bila mzigo, kisha kaa na uhesabu mapigo ya dakika nzima inayofuata. Fanya kila Jumatatu asubuhi kabla ya chai, siku bahari ikiwa shwari, na andika. Kwa mtu mmoja yule yule, kutoka 98 wiki ya kwanza hadi 110 wiki ya nne, bila homa na bila usiku mbaya, ni pumzi inayoondoka, na bado kuna wiki mbili za kuirudisha.

Masanduku manne yanatosha watu 28. Fundi seremala yeyote wa Langoni, mjini Lamu, anaweza kuyatengeneza kabla meli haijang'oa nanga: urefu sentimita 60, upana 45, kimo 30, mbao za unene wa sentimita 2.5 zilizopigwa skrubu badala ya misumari, juu pagundishwe kipande cha mpira wa tairi, na kila upande kitundu cha kupitishia kamba ya kulifunga kwenye pete za sitaha.